Lita Moja kwa Wiki Mbili

Mwezi ule maji yalikatika mtaani kwetu kwa siku tano mfululizo, na sisi tunaokaa ghorofa ya tatu tukawa hatuna budi kushuka kila alfajiri kwenda kuteka kisimani kwa jirani kabla ya kuwahi kazini. Nilikuwa na umri wa miaka 46, mhasibu wa ofisi moja katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nimekaa mbele ya meza kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Hesabu hiyo nilifundishwa nikiwa darasa la tano, lakini sikuwahi kuihisi mgongoni mpaka asubuhi ile. Nilipofika ghorofa ya kwanza nilitua. Nikapanda ngazi sita, nikatua tena. Mama yangu, aliyekuwa na miaka 71 na amekuja kutusalimia kutoka Lushoto, alishuka akanikuta nimeegemea ukuta nahema. Alisokota khanga yake ikawa kata, akasema, "Niachie, mwanangu, utaumia," tukaishika ndoo pamoja, akajitwika na kupanda bila kusimama.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Aibu ilikuwepo, lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa ni hesabu: ikiwa mwanamke wa miaka 71 anabeba mzigo ulionishinda mimi, basi nikifika umri wake nitakuwa nabebwa.

Nilichofanya ndicho wanachofanya wengi ifikapo Januari. Nililipa kwa mkupuo ada ya miezi mitatu katika jimu moja ya mtaani, nikanunua raba na suruali ya kubana, na nikajifunga tumboni ule mkanda wa mpira unaouzwa kwa ahadi ya kuyeyusha kitambi. Kijana aliyetusimamia alikuwa mchangamfu na mwenye nia njema, ila kipimo chake cha mazoezi kilikuwa kimoja tu, nacho ni jasho. Siku ya kwanza aliturusha kichura kuzunguka ukumbi, jambo ambalo sisi tuliosoma zamani tulilijua kama adhabu ya wachelewaji, kisha akatupa sitapu 100, kisha mbio za papo hapo, huku muziki ukipigwa kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Niliondoka fulana imelowa chapachapa nikaona nimefanya kazi ya maana. Siku ya pili yake sikuweza kuchuchumaa. Choo cha ofisini kwetu ni cha kuchuchumaa, na aliyewahi kuyaonja maumivu hayo ya mapaja hahitaji maelezo zaidi.

Niliendelea kwa wiki tatu, kwa kuwa niliamini kwamba kuumia ndiko kufanikiwa. Kila Ijumaa jioni mzani ulionyesha nimepungua kilo moja na nusu, na kila Jumatatu asubuhi kilo zile zilikuwa zimerudi, jambo ambalo mhasibu alipaswa kulitilia shaka mapema. Jasho ni maji ambayo mwili unayatoa ili ujipoze, na ukishakunywa maji ya kutosha uzito unarudi pale pale ulipokuwa, kwa sababu mafuta hayakuguswa. Katika joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam mtu hutokwa na jasho hata akiwa amesimama kituoni akisubiri daladala. Kama jasho lingekuwa ndilo linalojenga mwili, abiria wa saa moja asubuhi wangekuwa na misuli kuliko wanamasumbwi. Katika wiki ya tatu, nikiwa kwenye sitapu ya sabini na kitu, kiuno kilikaza ghafla, nikashindwa kunyooka. Ada ya miezi mitatu iliishia hapo, na mkanda wa mpira nikamwachia mlinzi wa jengo akafungie jenereta.

Baada ya siku kumi za dawa za maumivu nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Hakuuliza uzito wangu. Alinikalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akaniambia nifumbate mikono kifuani, kisha nisimame na kukaa mara nyingi niwezavyo kwa sekunde 30. Nilifanya mara 9. Alinieleza kwamba kipimo hicho hutumika hasa kwa watu waliovuka miaka 60, na kwamba hata miongoni mwao idadi yangu ingehesabiwa kuwa ndogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: mgongo wangu haukuwa na ugonjwa, ulikuwa unafanya kazi ya makalio na mapaja yaliyolala usingizi kwa miaka 20 ya kukaa. Kila nilipoinama kuokota kitu, mzigo uliopaswa kubebwa na nyonga uliangukia kiunoni.

Somo la kwanza, ambalo lilichukua takriban wiki mbili kuingia, lilikuwa ni kujua kuinama. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kufundishwa kuinama. Alinisimamisha hatua moja mbele ya ukuta, nikiwa nimeupa mgongo, akaniambia nisukume makalio nyuma mpaka yauguse, magoti yakikunjika kidogo tu na mgongo ukibaki umenyooka, kama mama mwenye mizigo mikononi anayefunga mlango wa gari kwa makalio. Nilipofanya hivyo kwa usahihi nilihisi misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika, misuli ambayo sikujua kama ninayo. Mwendo huo ndio wa kuinua ndoo, mtoto, gunia na mtungi wa gesi, na ninaona kwamba kama ningeruhusiwa kubaki na zoezi moja tu maishani ningechagua hilo na kuyaacha mengine yote. Mengine aliyonipa yalikuwa ya kawaida: kuchuchumaa hadi makalio yaguse kiti kisha kusimama, kulala chali, kukunja magoti na kuinua nyonga juu, kupiga pushapu nikiwa nimesimama na mikono ukutani, baadaye mezani, baadaye chini, kuvuta mzigo kuelekea ubavuni kwa mkono mmoja huku mwingine umeegemea kiti, na kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, kwa sekunde chache.

Nilimwuliza ninunue vyuma vya kilo ngapi. Aliniuliza kama nyumbani nina madumu.

Jibu hilo ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa kuwa dumu la maji ni mzani na chuma kwa pamoja. Nilitia lita 5 katika dumu la lita 20, nikaliweka katikati ya miguu yangu, nikasukuma nyonga nyuma, nikashika mpini kwa mikono miwili na kusimama nalo. Mara 8, mapumziko ya dakika mbili, mara 8 tena, mapumziko, mara 8 za mwisho. Sharti lake lilikuwa kwamba kila raundi niimalize nikiwa bado na uwezo wa kufanya mara mbili zaidi, na kwamba nikiweza kufika mara 12 kwa raundi zote tatu bila kuharibu mwendo, hapo tu ndipo niongeze lita moja na kurudi mara 8. Kwangu mimi hilo lilitokea karibu kila baada ya wiki mbili. Jambo moja ambalo hakulitaja, na ambalo ninalipenda, ni kwamba maji ndani ya dumu lisilojaa yanacheza, kwa hiyo tumbo na kiuno vinalazimika kukaza ili usiyumbe. Dumu lenye lita 10 linaweza kumhenyesha mtu kuliko chuma cha kilo 10 kilichotulia.

Kuhusu kwa nini lita moja tu na si tano, alinieleza kwa namna ambayo hata mtu asiyesoma sayansi angeielewa. Msuli hauongezeki nguvu wakati wa zoezi. Wakati wa zoezi unachoshwa na kusumbuliwa kidogo. Nguvu huja baadaye, wakati wa kulala na kula, mwili unapotengeneza palipotikiswa na kupaimarisha kuliko mwanzo. Ukiusumbua kidogo mno hauoni sababu ya kujirekebisha, na ukiusumbua kupita kiasi unatumia siku zote kufidia hasara. Ndiyo maana kundi moja la misuli linahitaji kama siku mbili kabla ya kulirudia, na ndiyo maana mimi niliyekuwa nikienda jimu siku sita kwa wiki nilikuwa nazidi kudhoofika. Kanuni hii si ngeni wala si ya fasheni: katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme aliitumia kuwarudishia nguvu askari walioumia miguu, akiwaongezea uzito kadiri walivyopata nafuu badala ya kuwaacha na mazoezi mepesi yale yale.

Nilifungua daftari la mistari. Tarehe, zoezi, lita, mara, na safu ya mwisho ya maoni, ambako niliandika mambo kama "nimelala vibaya" au "goti la kushoto linalia". Wenzangu ofisini walilicheka sana daftari hilo, lakini bila daftari mtu hujidanganya, tena pande zote mbili: kuna siku unajiona mnyonge kumbe umezidi wiki iliyopita, na kuna siku unajiona shujaa kumbe umerudia kile kile kwa mwezi mzima. Katika wiki sita za mwanzo niliongeza lita 3 na mikono haikuonekana tofauti hata kidogo, nikadhani mzani wa maji unanihadaa. Mtaalamu alinieleza kwamba nguvu za mwanzo hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamsha misuli iliyopo. Msuli kujengeka kwenyewe huchukua miezi.

Ni lazima niseme pia kosa langu, kwa sababu lilikuwa la kiburi tupu. Nilipofika lita 14 shemeji yangu alikuja nyumbani, akaniona na dumu, akauliza, "Shemeji, unajiandaa kupigana na nani?" Watu wakacheka. Nilijaza dumu hadi juu, lita 20, nikaliinua mbele yao mara nne, na mara ya tano nikalivuta kwa mgongo badala ya nyonga, huku nimebana pumzi mpaka masikio yakavuma. Nilikaa wiki mbili nikijipaka dawa ya kuchua. Kubana pumzi namna ile hupandisha presha kwa ghafla, na mtu aliye na presha tayari anaweza kupata madhara makubwa kuliko kiuno. Toka siku hiyo natoa pumzi kila ninapoinua na kuivuta ninaposhusha. Nilijifunza pia kutofautisha maumivu. Uchovu mzito unaoenea ndani ya nyama, unaozidi siku ya pili na kwisha wenyewe siku ya tatu au ya nne, hauna ubaya. Maumivu makali yanayochoma kwenye kiungo, au yanayoshuka mguuni kama umeme, ni amri ya kusimama na kwenda kupimwa.

Wanawake wenzangu huniuliza zaidi habari ya kukaza mwili kuliko habari ya nguvu, na wengi huogopa mambo mawili. La kwanza ni kwamba watakuwa na mabega ya kiume. Miaka minne sasa nainua madumu na bado fundi wangu wa kushona hajalazimika kupanua mabega ya gauni lolote. Mwanamke ana homoni ya kujenga misuli mikubwa kwa kiasi kidogo mno kulinganisha na mwanaume, na wale wenye misuli ya kutisha wameitafuta kwa miaka mingi na kwa makusudi. Jambo la pili ni kitambi, ambacho kila mtu anataka kukiondoa kwa sitapu. Sitapu huimarisha msuli ulio chini ya mafuta, lakini hazichagui kuyayeyusha mafuta ya hapo. Mwili huchota mafuta kutoka kila mahali kwa utaratibu wake wenyewe. Mwili unaoitwa uliokaza ni misuli iliyoongezeka kidogo na mafuta yaliyopungua kidogo, basi. Kwa miezi minane mzani wangu ulishuka kilo 3 tu, na kama ningeutegemea huo ningekata tamaa. Futi ya fundi cherehani ilisema habari nyingine: kiuno kilitoka sentimita 98 hadi 91, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama nimeugua.

Kwenye chakula sikufanya maajabu. Nilikuwa mtu wa chai na maandazi matatu asubuhi, wali mchana na ugali usiku, mboga ikiwa ya kusindikizia. Kiwango cha chini cha protini kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na anayefanya mazoezi ya nguvu au anayezeeka huhitaji zaidi ya hapo. Mimi wa kilo 78 nilipaswa kupata si chini ya gramu 62, na yai moja lina kama gramu 6 tu. Nilipopiga hesabu ya siku moja niliona sikuwa nikifika hata nusu. Sasa asubuhi nakula mayai mawili na maandazi ni ya Ijumaa, maharage yamerudi mezani mara nne kwa wiki, na dagaa, ambao nyumbani kwetu tulianza kuwaona chakula cha shida mara tu tulipopata mshahara, wamekuwa kitoweo changu cha kwanza. Makopo ya unga wa protini sijayanunua, kwa kuwa bei ya kopo moja ingenipatia dagaa wa miezi kadhaa. Mwezi wa Ramadhani sifanyi mazoezi nikiwa nimefunga. Nayafanya saa moja baada ya futari nyepesi, siku mbili kwa wiki, kwa lita pungufu, na mwezi unapokwisha nguvu zinakuwa karibu zote zipo.

Siwakatazi watu mbio. Katika mitaa yetu vikundi vya jogging vimejaa, na asubuhi ya Jumapili utawaona na fulana za rangi moja wakiimba nyimbo za mchakamchaka mpaka wenye usingizi wanakasirika. Mimi mwenyewe hutembea haraka na kikundi kimoja, kwa kuwa moyo na mapafu navyo vina haki yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na watu wengi wanaikumbuka sehemu hiyo. Sehemu inayosahaulika ni kwamba ushauri huo huo unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku 2 au zaidi. Kukimbia hakumfundishi mtu kuinua ndoo.

Lita 20 zenyewe, kwa mwendo sahihi na mara 8 kwa raundi tatu, nilizifikia mwezi wa kumi. Hapakuwa na mtu wa kunipigia makofi. Niliandika daftarini, nikayamwaga maji yale kwenye pipa la jikoni.

Mwaka uliofuata nilikwenda Lushoto na nikamkuta mama si yule. Hakuwa ameugua. Wadogo zangu, kwa mapenzi tu, walikuwa wamemvutia bomba hadi uani, wakamwajiri binti wa kumsaidia kuni na shamba, na wakamkataza kabisa kushuka bondeni. Mwanamke aliyepanda milima ya Usambara na mzigo kichwani kwa miaka 60 alikuwa amekaa kitini miezi 14, na sasa alihitaji kushikwa mkono ili ainuke kwenye kigoda. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba nguvu zake zilikuwa za damu ya watu wa zamani au za hewa ya mlimani. Kumbe naye alikuwa na dumu lake, ila hakuliita zoezi, na sisi tulimnyang'anya kwa heshima zote.

Alinicheka nilipomweleza. Alisema mazoezi ni ya watu wasio na kazi, nikamjibu kwamba sasa naye hana kazi. Tukaanza barazani, kwenye kiti cha kulia chakula, juu yake tumewekea mto ili kiwe kirefu: kukaa na kusimama bila mikono, mara 5, mimi nimesimama mbele yake nikihesabu. Mara mbili za kwanza nilimshika, ya tatu akanisukuma mkono. Siku ya pili yake tulipumzika, ingawa hakutaka. Siku ya nne tulipunguza mto akafika mara 7, na wiki iliyofuata, asubuhi ya siku niliyokuwa nasafiri, nilimkuta amekwishakaa kitini peke yake, amekumbatia kidumu cha lita 3 cha mafuta ya kupikia kilichojaa, akaniuliza kama na hicho kinahesabika. Nilimwambia kinahesabika, ingawa mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji.